Mwezi Niliofagia Nyayo za Kaka Yangu

Mbata inayokauka juani ina harufu tamu inayokaribia kuoza, na mtu aliyefunga tangu alfajiri huisikia mpaka kooni. Hivyo ndivyo ulivyonuka ua wetu pale Kaole mwezi ule wa Ramadhani, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili kwisha, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Asubuhi alikwenda shambani na kamba yake begani, na akirudi tulikuwa na kazi ya kupasua nazi na kuzianika juu ya mikeka iliyochakaa. Nyuma ya mikeka hiyo, kati ya jiko na ua wa makuti, palikuwa na kiwanja kidogo cha mchanga mweupe ambacho kukifagia ilikuwa kazi yangu. Nilikifagia kwa ufagio wa chelewa kila siku mara mbili, nikirudi kinyumenyume ili nisiache alama ya mguu wangu mwenyewe. Mama alikuwa akinisifu kwa majirani kwamba Tatu akifagia, hata kuku huona haya kupita. Mwezi ule nilitamani asinisifu, maana ufagio ule niliufanya chombo cha uongo.

Asili ya mambo yote ilikuwa mchezo wa kirumbizi. Kwa asiyeujua, kirumbizi ni mchezo wa fimbo. Wanaume wawili huingia katikati ya duara la watu, kila mmoja na fimbo yake, zumari likilia na ngoma zikiitikia, wakachezeana kwa kufuata mwendo wa ngoma: huyu akipiga, yule anakinga, kisha wanageuziana zamu. Si vita. Anayeguswa begani au mgongoni ameshindwa. Anacheka, anatoka, na mwingine anaingia. Baba alikuwa mchezaji aliyejulikana kuanzia kwetu mpaka mjini Bagamoyo, na mwenzake wa siku zote alikuwa Mzee Athumani, fundi seremala, rafiki yake tangu walipokuwa watoto wa chuo cha Kurani. Watu walikuwa wakiwangoja wao wawili kila Iddi. Lakini miaka minne kabla ya mwezi huu ninaousimulia, siku ya Iddi, mimi nikiwa kwenye pembea na watoto wenzangu, tulisikia zumari limekatika ghafla. Tulipokimbilia uwanjani tulimkuta Mzee Athumani amekaa chini, kiganja kimefunika jicho la kushoto, na damu inapita kati ya vidole. Baba alikuwa amepiga magoti mbele yake akisema neno moja tu, tena na tena: “Niliteleza. Mguu uliteleza.” Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile na uwanja ulikuwa na utelezi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza zaidi. Jicho lilikufa. Mzee Athumani aliacha kuchonga milango, kwa kuwa alisema mstari ulionyooka ulikuwa umemtoroka, akawa anatengeneza mbuzi za kukunia nazi na miko. Na Baba hakushika fimbo tena, wala hakukanyaga tena barazani kwa rafiki yake, ingawa kutoka kwetu hadi kwake mtu angeweza kuita akasikika.

Mzee Athumani alikuwa na mtoto wa kiume, Jabiri, aliyelingana na kaka yangu Sefu. Wakati jicho la baba yake linapotea, Jabiri alikuwa mvulana mwembamba. Mwaka ule alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miraba minne, mikono imejaa kwa kusukuma randa. Siku ya tatu ya mfungo alimkuta Sefu kisimani, akamwambia mbele ya watu, “Iddi hii mimi na wewe tutaingia kirumbizi.” Hakusema lingine. Lakini maneno yalipofika sokoni yalikuwa yamekwisha kuota mbawa, na yaliporudi kwetu yalisema kwamba Jabiri ameapa kulitoa jicho la mtoto wa mkwezi. Sefu alikuwa amekwisha kukubali. Alikuwa na miaka kumi na saba, na kukataa mbele ya wasichana wenye ndoo vichwani lilikuwa jambo asiloliweza.

Baba alipopata habari, alingoja mpaka baada ya futari. Kisha alimwita Sefu akamwambia, “Kesho baada ya alasiri utakuwa nami hapa uani. Sitakufundisha mkono. Nitakufundisha miguu.” Nami nilipewa kazi yangu: kufagia mchanga kabla hawajaanza, na baada ya kila mzunguko kuinama na kumsomea Baba nyayo. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao sikuwahi kuuona kwake. Alinionyesha kwamba katika kirumbizi mtu husimama ubavu, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, kisigino cha nyuma hakigusi sana chini, na miguu haipishani hata kidogo, maana anayepishanisha miguu hujifunga mwenyewe. Akipiga, mguu wa mbele unatangulia kidogo, unagusa mchanga kwa vidole tu, na uzito wa mwili unabaki nyuma. Pigo la namna hiyo linafika, linagusa, na linarudi. Alama yake mchangani ni ndogo kama ya mtu anayepita penye mgonjwa aliyelala. “Na akitaka kuumiza?” niliuliza, kwa ujinga wa kitoto. Baba aliokota kijiti. Kisha akasema kwamba iko hatua nyingine, wao waliiita kuzama. Mguu wa mbele unakanyaga mbali, kisigino kinazama, mguu wa nyuma unajisokota mpaka vidole vinachimba shimo, na mwili mzima unaufuata mkono. Alinichorea kwa kijiti kile, kisha akafuta haraka kwa kiganja. “Hiyo si ya mchezo,” alisema. “Ukiiona, niambie.”

Basi kila alasiri, Sefu akiwa na midomo iliyokauka kwa kiu, alizunguka katika kiwanja kile huku Baba akipiga makofi badala ya ngoma. Hakuruhusiwa hata kuinua fimbo. Aliiweka mabegani na kuning’iniza mikono juu yake. Mbele, ubavu, nyuma, robo ya mzunguko. Mbele, ubavu, nyuma. Mimi niliinama na kusoma: “Hapa kisigino kimegusa, Baba. Hapa miguu imepishana.” Sefu alikuwa akinikodolea macho, lakini siku zilivyopita makosa yalipungua. Ningekuwa na furaha, kama si jambo nililoliona siku ya kumi.

Siku hiyo mwalimu wa chuo alikuwa na homa, akaturudisha nyumbani mapema. Mama alikuwa kisimani, Baba yuko minazini. Nilipochungulia uani nilimwona Sefu amechomeka mti mchangani, na juu ya mti ametundika fuu la nazi, kwa kimo ambacho sikuhitaji kuambiwa ni cha nani. Alikuwa akirudi nyuma hatua tatu, anakuja, anapiga. Sikuitazama fimbo. Kwa mazoea niliyokwisha kupewa, niliitazama miguu. Mguu wa mbele ulitua mbali, kisigino kikazama, na mguu wa nyuma ukajisokota. Baba hakuwa amemfundisha hatua ile. Alikuwa ameiona Baba aliponichorea, au ameivumbua kwa hofu yake mwenyewe.

Aliponiona alinishika mkono kwa nguvu. “Tatu, usimwambie Baba.”

“Baba amesema hiyo si ya mchezo.”

“Na Jabiri unadhani anakuja kucheza?” Jasho lilikuwa likimtiririka, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. “Ukimwambia, Baba atanizuia, nami nitaingia pale nikiwa na mikono mitupu. Unataka nirudi na jicho moja? Fagia. Nakuomba, dada yangu, fagia tu.”

Nikafagia. Kesho yake nilifagia tena, na keshokutwa, kila niliporudi kutoka chuoni. Alama zile zilikuwa nzito, nilizipitishia ufagio mara mbili na tatu. Alasiri Baba aliponiuliza, “Umeona chochote?” nilisema, “Hapana, Baba.” Nilikuwa nimefunga, na kila nilipolisema neno lile niliamini kwamba swaumu yangu imekwisha kuharibika na Mungu ananihesabia. Futari nilikuwa nikiiacha nusu. Mama alinipaka mafuta ya habasoda tumboni akidhani nina chango. Nilikuwa na picha mbili kichwani na hazikuniacha: katika moja, Sefu amekaa chini na kiganja usoni, katika nyingine aliyekaa chini ni Jabiri. Niliposali niliomba ya kwanza isitokee, kisha nikaona aibu kwamba naichagua ya pili, nikaomba ya pili isitokee, kisha nikaogopa kwamba nimelifuta ombi la kwanza. Jabiri hakuwa mtu mbaya kwetu. Zamani, kabla ya jicho, alikuwa akinibeba mgongoni kwenda kuokota maembe, nami nilikuwa namwita kaka.

Mfungo ulipobakiza siku mbili, fuu lilivunjika. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Pigo lilishuka na fuu likaruka vipande, kipande kimoja kikanipiga shavuni, na Sefu akasimama pale akihema, akitabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniogopesha kuliko pigo. Alinipa ufagio kama kawaida, akaenda zake kuoga. Niliukamata ufagio. Niliinama. Nikaviokota vipande vya fuu nikavitupa jalalani, kisha nikausimamisha ufagio penye ukuta wa jiko, nikaingia ndani nikajilaza kitandani, nimejifunika kanga ya Mama mpaka kichwani.

Baba alirudi adhuhuri. Nilimsikia akiweka kamba yake, akinawa, akitoka uani. Kisha sikusikia kitu. Kimya kile kilikuwa kirefu hata nikanyanyuka nikaenda kutazama. Alikuwa amesimama mbele ya alama, na polepole aliinua mguu wake mpana, wenye magaga ya miaka ya kukwea minazi, akauweka ndani ya ule unyayo wa mbele. Ulienea. Akasogeza mguu wa nyuma ukaenea ndani ya lile shimo la vidole. Akabaki hivyo, amesimama katika hatua ya mwanawe, mikono imening’inia. Sefu alikuwa ametoka kuoga, amefika mlangoni na kuganda.

“Umefanya hivi kwa siku ngapi?” Baba aliuliza bila kugeuka.

“Nyingi, Baba.”

“Na Tatu amefagia.”

Nilianza kulia. Baba hakunikemea. Alitoka katika zile alama, akaketi kwenye kigoda, na akazungumza akiwa anatazama mikono yake. “Mguu wangu haukuteleza,” alisema. “Athumani alikuwa amenigusa mara tatu siku ile. Mara ya tatu watu walicheka, naye akacheka nao. Nikazama. Nilijua ninachofanya kwa muda wa kufumba na kufumbua, na muda huo ulitosha.” Jikoni, Mama alikuwa akitwanga mchele. Mchi ulisimama, kisha ukaendelea. Sijui hata leo kama yeye alikuwa akijua.

“Kwa hiyo Jabiri ana haki?” Sefu aliuliza.

“Ana haki ya kuambiwa ukweli. Jicho lako si haki yake.”

Asubuhi ya Iddi, tulipotoka kwenye sala, hatukwenda nyumbani kula. Baba alitutangulia, Sefu nyuma yake, mimi wa mwisho katika gauni langu jipya lililoniwasha shingoni, mpaka barazani kwa Mzee Athumani. Mimi na Sefu tulimwamkia, “Shikamoo,” naye akaitikia, “Marahaba, wanangu,” akitutafuta kwa kuzungusha shingo, kama mtu mwenye jicho moja anavyofanya. Jabiri alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake. Baba alikataa kuketi.

“Athumani, nimekuja kusema neno mbele ya mwanao. Miaka minne nimesema mguu wangu uliteleza. Haukuteleza. Nilikupiga kwa kukusudia.”

Nilitazama mkeka. Nilingoja kelele. Mzee Athumani alivuta pumzi, akasema kwa sauti ya chini, “Najua. Nilikuwa nakutazama miguu, kama siku zote. Nilimwambia mwanangu uliteleza, kwa sababu sikutaka akue na fimbo ya kisasi mkononi. Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe. Umechelewa, bwana.”

“Nisamehe.”

“Nimesamehe siku nyingi, kwa ajili ya Mungu. Lakini usiniombe nikufurahie leo.”

Jabiri alimtazama baba yake, kisha baba yangu. Aliingia ndani, akatoka na fimbo, akapita katikati yetu bila kumgusa mtu, akaelekea uwanjani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukweli haukuwa umetuokoa. Kabla ya pale Jabiri alikuwa na shaka tu. Sasa alikuwa na sababu, na sisi ndio tuliompelekea. Njiani Baba alimwambia Sefu kwamba anaweza kutoingia, na aibu yote ataichukua yeye Baba. Sefu alitikisa kichwa. “Nisipoingia leo mbele ya watu, Baba, tutakutana njiani bila ngoma. Nitaingia. Nitacheza ulivyonifundisha.” Alisema hivyo, lakini mimi nilikuwa nimemwona akitabasamu juu ya lile fuu, na sikumwamini.

Ngoma zilianza baada ya adhuhuri. Nilijipenyeza kati ya wanawake mpaka mbele kabisa, nikachuchumaa, macho yangu yakiwa sawa na magoti ya wachezaji. Wengine wakitazama fimbo zikigongana juu, mimi niliona miguu minne tu. Mwanzoni ilikuwa mchezo. Mbele, ubavu, nyuma. Miguu ya Jabiri ilikuwa mizito lakini haikukosea. Alikuwa amefundishwa na mtu aliyejua. Zumari liliongeza kasi. Nikaona kisigino cha Jabiri kimeanza kugusa chini, mara moja, mara mbili, uzito wake unasogea mbele kidogo kidogo kama maji yanayojaa. Kisha mguu wake ukaondoka, ukatua mbali, ukazama.

Sefu hakuwapo mahali pale. Mguu wake wa nyuma ulikuwa umekwisha kwenda robo ya mzunguko, wenyewe, kama ulivyokwenda mamia ya mara na fimbo mabegani, na pigo la Jabiri likapita karibu na sikio lake, likagonga ardhi, fimbo ikavunjika. Jabiri alikuwa ameinama, mikono mitupu, kichwa wazi kabisa. Na hapo nikaona mguu wa mbele wa kaka yangu umenyanyuka. Ulikaa hewani. Niliona vidole vimejikunja, niliona vumbi kwenye kucha, nikaona paja linatetemeka. Kwangu mimi mguu ule ulikaa hewani mwezi mzima. Kisha ulishuka, nyuma ya pale ulipotoka, kwa vidole tu, na fimbo ya Sefu ikamgusa Jabiri begani, taratibu. Wanawake wakapiga vigelegele, watu wakacheka, na ngoma zikaendelea. Sidhani kama zaidi ya watu watano katika uwanja mzima walijua kilichokuwa kimetokea.

Haikuisha kwa kukumbatiana. Jabiri alitoka akilia kwa hasira, na hakutupa hata salamu kwa miaka mingi. Aliporudi kumsemesha Sefu wote wawili walikuwa na watoto. Mzee Athumani aliketi kwetu mara ya kwanza siku ya mazishi ya Baba, akakaa na wafiwa siku zote tatu. Mimi niliwahi kumuuliza kaka yangu, tukiwa watu wazima, alifikiri nini mguu ukiwa hewani. Alinishangaa. Alisema hakumbuki kama aliunyanyua.

Sasa mimi ni bibi, naishi na mwanangu wa mwisho huku Mapinga, barabarani, ambako mashamba yamegeuka viwanja na kila mtu ana haraka ya kwenda mjini. Mjukuu wangu anacheza ngumi. Vijana wenzake wananiambia kwamba mambo ya zamani yalikuwa bora, watu walikuwa na heshima, na mimi hunyamaza, kwa kuwa ninajua jinsi tulivyoishi miaka minne juu ya neno moja ambalo hakuna aliyethubutu kulihoji. Wakati ule, kati ya kijana na upofu palikuwa na dhamira ya kijana mwenzake tu, na ungeweza kukesha ukiomba dhamira hiyo isichoke. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama mjukuu wangu akipigana ukumbini. Nilitazama miguu, bila shaka. Macho yangu hayajui kutazama kwingine. Katika raundi ya tatu alipasuliwa nyusi, mwamuzi akasimamisha, daktari akapanda, akammulika jicho kwa kurunzi, akatikisa kichwa, na pambano likaisha. Watu walizomea. Mimi nilinyanyuka kitini nikasema “Alhamdulillahi!” kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. Garini mjukuu wangu alikuwa amenuna, bandeji juu ya jicho.

“Bibi, umeniaibisha. Nilikuwa nashinda.”

Nilimgeuza uso kwa kidole, nikamtazama jicho la kushoto, kisha la kulia. Yote mawili yalinitazama kwa hasira.

“Nitakuaibisha tena,” nilimwambia, “kila utakapocheza.”